Swali la Nne na Heshima Zangu

Kuna walimu wamejaliwa kusahihisha dunia nzima. Mimi nilijaliwa swali la tano.

Ndivyo tunavyosahihisha mtihani wa majaribio wa mkoa hapa Tabora. Wanafunzi wakienda likizo, walimu wa Kiingereza tunakusanywa katika ukumbi wa shule moja ya mjini, tunapangwa kwenye meza ndefu bega kwa bega, na kila mmoja anakabidhiwa swali lake. Wa kwanza anasahihisha swali la kwanza tu, anasukuma karatasi kwa wa pili. Wa pili anasahihisha la pili tu, anasukuma kwa wa tatu. Mpaka karatasi inafika mwisho wa meza kwa mtu wa kujumlisha. Kwa siku sita mtu mzima mwenye shahada yake anasoma swali moja, la watoto wa Nzega, la watoto wa Igunga, la watoto wa Kaliua, la watoto wa mjini, mpaka anaanza kuliona kwenye sahani ya wali.

Wakubwa wanasema utaratibu huu unaleta haki, kwa kuwa kila mtoto anasahihishwa na mkono uleule. Ni kweli kabisa. Mkono ukikosea, unawakosea wote kwa usawa, na hakuna anayeweza kulalamika kuwa ameonewa peke yake.

Swali langu mwaka huo lilikuwa la ufahamu, habari ya mkulima na ng'ombe wake mvivu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko aliyeitunga, na nilifika mahali nikawa namwonea huruma ng'ombe. Kushoto kwangu, kwenye swali la nne, aliketi mwalimu wangu.

Simaanishi mwalimu mwenzangu. Namaanisha aliyenifundisha kidato cha kwanza na cha pili kule Usinge, katika shule yenye madarasa manne, mwalimu mmoja wa Kiingereza na kitabu kimoja cha Kiingereza, ambacho kilikuwa kinalala nyumbani kwake. Siku hizi alikuwa amehamia shule ya mjini na alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Hilo ndilo lilikuwa zoezi lake la mwisho la kusahihisha. Bado alikuwa anachomekea shati, na kalamu tatu mfukoni, nyeusi, nyekundu na ya kijani, na bado alikuwa anakutazama juu ya miwani kana kwamba umechelewa mstarini. Jumatatu asubuhi nilimwinamia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado unachanganya he na she?"

"Nimepunguza, mwalimu."

Nina miaka thelathini na minane, watoto wawili na nyumba ya kupanga Isevya ambayo mimi ndiye ninayemsemesha mwenye nyumba. Nilijibu hivyo, tena kwa sauti ndogo.

Sasa, swali la nne. Mtoto alipewa jibu, naye atunge swali linaloanza na who, what au which. Kwa Kiswahili mambo haya hayana shida. Akija mtu mmoja tunauliza nani, wakija wengi tunauliza akina nani, maisha yanaendelea. Waingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawana akina. Who yao ni ileile, aje mmoja au kije kijiji kizima na mifugo yake, na kazi yote ya kujua idadi wameiangushia kitenzi kinachofuata. Kitenzi ndicho kikae umoja au wingi, na hapo ndipo watoto wetu wanapoumia.

Mwalimu wangu alikuwa na dawa. Alitupa siku ya kwanza kule Usinge na akarudia kila wiki: baada ya who, what na which, kitenzi ni cha umoja. Siku zote. Hata kama nje wamesimama watu mia. Alikuwa anagonga ubao kwa kila neno. "Who ni mmoja. Hajaoa, hajazaa, hana ndugu." Tulikuwa karibu tisini darasani na hatukuwa na vitabu, na kanuni inayokaa kichwani bila kitabu ni kanuni nzuri. Hiyo ilikuwa nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ni kweli nusu.

Nusu ya pili niliipata Jumatatu ileile. Kiongozi wa paneli, mama mmoja mwenye sauti ya upole na asiyerudia jambo, alitusomea mwongozo wa kusahihishia. Ukiuliza ni nani anayeimba, kitenzi ni cha umoja hata kama anayeimba ni kwaya nzima: who sings. Hapo Usinge ilikuwa sahihi. Lakini ukiuliza majirani zako ni akina nani, majirani ni wengi na kitenzi kinawafuata: who are your neighbours. Aliyeandika who is your neighbours amekosa. Vipengele vitatu kati ya kumi vilikuwa vya namna hiyo. Mama akauliza kama kuna mwenye swali.

Mimi nilikuwa nalo, ila halikuwa la kuuliza mbele za watu. Swali langu lilikuwa: kumbe?

Maana kanuni ya Usinge nilikuwa nimeifundisha miaka kumi na moja. Niliifundisha kama nilivyoipokea, na ubao nilikuwa naugonga. Chuo kikuu nilisoma nadharia za lugha na nikafaulu vizuri, lakini huko wahadhiri walikuwa juu sana, hakuna aliyeteremka mpaka kwenye who is. Vitabu vya kiada nilikuwa navyo. Mahali ambapo kitabu kilikwenda kinyume na kanuni yangu, nilidhani ni makosa ya mchapaji, na niliwaambia wanafunzi wasahihishe kwa kalamu ya risasi.

Nikamtazama mwalimu wangu. Mwongozo alikuwa ameupokea kwa mikono miwili, ameukunja mara mbili, ameuweka chini ya chupa ya chai ili meza isilowe. Alikuwa anafuta miwani. Mtu aliyefundisha who miaka thelathini na kitu hasomewi who.

Saa tano karatasi za kwanza zilinifikia kutoka mkononi mwake. Kabla sijaingia kwa ng'ombe nilichungulia swali la nne. Mtoto wa shule fulani ya Nzega alikuwa ameandika who are your neighbours kwa herufi safi, na juu yake umelala mkasi mwekundu. Karatasi iliyofuata, mtoto kaandika who is your neighbours, kapewa vema. Nikaendelea kuchungulia. Mzee hakuwa anamwonea mtu. Kila aliyepata alikuwa amekosa na kila aliyekosa alikuwa amepata, bila upendeleo, kwa mwendo wa karatasi moja kwa dakika.

Nilinyamaza.

Nilikuwa na sababu nzuri za kunyamaza, na nilizipanga kichwani kama mtu anayejiandaa kwenda mahakamani. Mtu hamkosoi mwalimu wake. Mtu hamkosoi mzee mbele ya watu ishirini, wengine walimu wa juzi. Msahihishaji anayegundulika amepotosha swali anahamishwa meza na jina lake linaingia kwenye taarifa, na huyu ilikuwa imebaki miezi michache aagwe na keki. Halafu mimi nimelelewa. Kwetu, bibi mmoja akiwa amekaa peke yake mlangoni unamwamkia mwangaluka, salamu ya wengi, kana kwamba wako watano, maana heshima yake haienei katika mtu mmoja. Mtoto aliyekuzwa hivyo ataanzia wapi kumwambia mwalimu wake amekosea?

Hizo zilikuwa sababu za kutangaza. Nyingine ilikuwa imebandikwa ukutani.

Karibu na mlango wa ukumbi palikuwa na orodha ya mabunda ya karatasi, kwa namba za shule, na siku ambayo kila bunda litapita mezani. La shule yangu lilikuwa la Jumatano asubuhi, la kwanza. Nilijua kilichomo ndani kana kwamba nimekiandika mwenyewe, na ukweli ni kwamba kwa kiasi kikubwa nilikuwa nimekiandika mwenyewe. Watoto wangu wataandika who is your neighbours. Mzee akiendelea alivyo, watapata vema. Mzee akirekebishwa, kila mmoja atapoteza alama tatu, darasa zima. Na matokeo ya mtihani huu hubandikwa kwa kupanga shule kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwaka uliotangulia tulikuwa wa pili kutoka chini, na mkuu wa shule aliniuliza kikaoni, mbele ya walimu wote, kama Kiingereza nakifundisha au nakisimulia.

Kwa hiyo niliendelea kumheshimu mzee Jumatatu yote. Jumanne nilimheshimu kutwa. Watoto wa Nzega na Igunga walipita mbele yangu na mikasi yao isiyo haki, nami nikawa nawasahihishia ng'ombe kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayewapanguza vumbi abiria wa gari lililopinduka. Jumatano asubuhi, bunda letu lilipofunguliwa kamba, heshima yangu ilikuwa imefika kileleni. Nilimmiminia mzee chai mwenyewe.

Bunda likapita. Nilichungulia karatasi tatu za juu, zote zina vema, nikatosheka, nikafanya kazi yangu kwa moyo mweupe. Likasogea kwa mwenzangu wa kulia, likaondoka. Halafu, mnamo saa nne kasorobo, dhamiri yangu ikaamka. Ilikuwa imelala vizuri, ina nguvu.

Kilichoiamsha, nikisema haki, kilikuwa cha kweli. Bunda lililofuata lilitoka shule moja ya Kaliua, upande wa kwetu. Karatasi ya juu ilikuwa ya mtoto anayeandika kwa kukandamiza, kalamu inakaribia kutoboa upande wa pili, na alikuwa amepata vipengele vyote vitatu vya wingi. Mikasi mitatu. Nikajikumbuka nilipokuwa kidato cha pili. Siku moja, kabla kanuni haijaniingia sawasawa, niliandika who are your visitors, kwa kuwa kwetu wageni hawajawahi kuja mmoja, na mzee huyuhuyu alinitoa nje nikapiga magoti kwenye mchanga mpaka kipindi kikaisha, nikiandika who is kwa kidole. Miaka yote hiyo nilidhani nilistahili. Sasa nilikuwa nimeshika mwongozo unaosema nilikuwa nimepata. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimkasirikia mzee, na nilifurahi kumkasirikia, kwa sababu hasira hiyo ilinipunguzia kazi ya kujitazama.

Lakini kumwambia, bado nilimwogopa. Ndipo nikamkumbuka mtani.

Kila Mnyamwezi ana Mgogo wake. Enzi za misafara babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, njia ikapita Ugogo, na Wagogo wakawatoza hongo ya kupita na ya kunywa maji. Wakagombana, wakazoeana, wakabaki watani. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu. Kwenye paneli yetu Mgogo alikuwa mmoja, mzaliwa wa Manyoni, wa swali la kwanza, na tangu Jumatatu alikuwa hajampa mzee wangu nafasi ya kupumua. Nilimvuta kando ya mlango nikamweleza.

"Kwa nini usimwambie wewe?" akauliza.

"Ni mwalimu wangu."

"Basi ndiyo vizuri umwambie wewe."

"Wewe ni mtani wake."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema haya, twende tukanywe chai.

Chai ya siku hiyo ilikuja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Tulikuwa kwenye mabenchi nje ya ukumbi. Mtani alisubiri mpaka mzee amejaza mdomo.

"Mtani, nina jambo linanisumbua," alisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Babu zako walipokuwa wanabeba ile mizigo kwenda pwani, walikuwa wanafungua kuona ndani kuna nini?"

Mzee alitafuna, akameza. "Mpagazi hafungui mzigo wa mwenyewe."

"Nilijua tu. Ndiyo maana umebeba who miaka thelathini hujafungua hata siku moja. Kila ukipewa mwongozo unaufunika na chupa ya chai. Una hofu gani humo ndani, nyoka?"

Watu walicheka. Mzee naye alicheka, maana ndiyo sheria. "Na ninyi mliokuwa mnatuuzia maji ya kunywa," akasema, "leo mmehamia kuuza Kiingereza?"

"Nauza, lakini wewe nakupa bure. Kasome swali lako."

Kicheko kiliisha kidogokidogo, kwa sababu mzee alikuwa ameshaweka kikombe chini. Aliingia ukumbini, akatoka na ile karatasi yenye alama ya mviringo wa chupa, akaisoma amesimama. Akairudia. Hakukasirika, hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Aliikunjua mikunjo yake yote, akainyoosha kwenye paja.

"Nani kakutuma?" aliuliza, bila kumtazama mtani.

"Mtani hatumwi, mzee."

Mimi nilikuwa nasuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshasuuzwa.

Nilitegemea kwamba mambo yangemalizika kistaarabu, yaani chinichini. Mzee angebadilisha mkono kuanzia hapo, yaliyopita yangebaki yamepita, na bunda langu, likiwa miongoni mwa yaliyopita, lingepumzika salama na vema zake. Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa unamhitaji mtu wa aina yangu pale kwenye swali la nne.

Mzee alimwendea kiongozi wa paneli, mbele yetu sote, akasema swali la nne amelipotosha tangu Jumatatu na anaomba mabunda yote yarudi kwake. Yule mama alijaribu kumsaidia. Alimwambia aendelee na yaliyobaki, yale ya nyuma watagawiwa vijana.

"Ya nyuma ni ya kwangu," mzee akasema.

Utaratibu unataka alama ikibadilishwa ibadilishwe kwa kalamu ya kijani, na msahihishaji wa pili aweke sahihi yake pembeni. Mama akamwuliza atakaa na nani. Mzee akanionyesha kwa miwani.

"Nitakaa na huyu. Nilimfundisha mimi."

Wenzangu walinitazama kwa wivu, wakidhani nimepewa heshima. Nami kwa muda nilidhani hivyohivyo.

Alhamisi na Ijumaa, wenzetu wakiondoka saa tisa, wengine wakikimbilia sokoni Ng'ambo, sisi tulibaki wawili kwenye meza ndefu. Yeye anageuza, mimi natia sahihi. Kila mkasi aliougeuza kuwa vema, alitamka namba ya mtoto kwa sauti, taratibu, kana kwamba anamwita amrudishie kitu chake. Nilijaribu kuendelea na hasira yangu ya Jumatano, nikaona haishiki. Mgongo wake ulikuwa unamsumbua, akawa anasimama kila baada ya karatasi chache, na mimi nikawa namwonea huruma kweli, si ile huruma ya ng'ombe.

Ijumaa saa kumi tulilifikia bunda langu.

Alifungua kamba. Karatasi ya kwanza, who is your neighbours. Vema ikawa mkasi. Ya pili vilevile. Ya tatu. Kwenye ya kumi alisimamisha kalamu.

"Mabunda mengine yamechanganyika," alisema. "Huyu kapata, huyu kakosa. Hawa wanakosa pamoja, kama kwaya. Hawa wamefundishwa."

Nikatia sahihi yangu kwenye ya kumi.

Alisoma namba ya shule kwenye jalada. Kisha akainuka na mgongo wake mbovu, akatembea mpaka mlangoni kwenye ile orodha, akasimama pale muda mrefu, akarudi. Orodha hiyo alikuwa anaijua. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe, nami sikuitumia.

"Hii ni shule yako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Bunda lake lilipita Jumatano, la kwanza asubuhi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtani aliniambia Jumatano, saa ya chai."

"Ndiyo, mwalimu."

Kiswahili kina maneno mengi, ila mimi nilikuwa nimebaki na hayo mawili. Nilikuwa na aibu. Nilingoja aseme lolote alilotaka kusema, na lolote lingekuwa haki yake. Alinisogezea kalamu ya kijani.

"Endelea wewe. Nitatia sahihi mimi."

Nikaendelea. Watoto walikuwa namba tu, lakini mwandiko wa mwanafunzi wako unaujua kama unavyojua mlio wa geti lenu. Huyu ni yule anayechora nyota badala ya nukta. Huyu ni wa mama muuza uji, aliyepanda kutoka mkiani mpaka wa tano kwa jasho. Mikasi mitatu. Huyu pacha wa kwanza, huyu wa pili, mikasi mitatu kwa kila mmoja. Walikuwa hawajakosea hata kidogo, walikuwa wametii. Mzee alikuwa anatia sahihi bila haraka.

Karibu na chini ya bunda nilikutana na karatasi ambayo mikasi tayari ilikuwa myekundu, ya Jumatano. Who are your neighbours. Na vile viwili vingine, vya wingi vilevile. Herufi zimelalia nyuma, za mtu wa mkono wa kushoto. Nilimjua kabla sijamaliza mstari. Ni msichana wa dawati la nyuma, asiyeongea, anayeshinda maktaba saa za michezo. Nikaweka vema tatu za kijani.

Mzee alivuta karatasi karibu.

"Huyu kafundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Mbona kapata?"

"Sijui, mwalimu. Nadhani anasoma vitabu." Nikaona nimefika mahali ambapo kuficha hakuna faida. "Kila akiandika hivi namwita mbele namchapa mkononi. Akirudi kukaa anaandika hivihivi."

Alivua miwani, akaiweka mezani. Alikaa anaiangalia ile karatasi, na bila miwani sidhani alikuwa anaona kilichoandikwa.

"Na mimi nilikuwa na mmoja wa hivi, Usinge," alisema. "Wangu aliacha."

Akatia sahihi, akavuta karatasi iliyofuata.

Matokeo yalipobandikwa tulikuwa wa mwisho kabisa. Safari hii hapakuwa na shule chini yetu ya kutufariji. Mkuu wa shule aliniuliza tena swali lake na safari hii nilimjibu, kwamba nilifundisha, tena vizuri sana, ila nilifundisha makosa. Hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo, akahamia kwenye ajenda ya mahindi ya chakula cha mchana.

Darasani nilikuwa nimejiandaa zaidi. Nilifuta ubao wote. Niliwaambia kidato cha pili kwamba kanuni niliyowapa ni ya uongo kwa nusu, kwamba alama tatu walizopoteza nilizipoteza mimi, na kwamba kuna mwenzao mmoja aliyekuwa sahihi muda wote nikimwadhibu kwa hilo. Nilitaka aje aandike ile sentensi ubaoni kwa mkono wake, wote waione, kisha nimwombe radhi mbele yao. Hotuba niliipenda mwenyewe. Nikamwita jina, nikasema njoo mbele.

Aliinuka dawati la nyuma, akapita katikati ya wenzake, akasimama mbele yangu ameinamisha kichwa. Mkono wa kulia, ule asioandikia, alikuwa ameshaunyoosha.